Siklidi na Jirani Zake: Nani Akae na Nani Tangini

Siklidi ni jamii ya samaki ambayo wengi Afrika Mashariki huifahamu kupitia sahani. Sato na perege wamo, na kuhe wa Kigoma, mmoja wa siklidi wakubwa kabisa duniani, yumo pia. Wanaofugwa kwenye tangi la kioo ni ndugu zao wadogo wenye rangi, na wengi wao hutoka Ziwa Nyasa, Tanganyika na Viktoria. Uzuri wao hauna ubishi. Kasoro ni tabia: siklidi ana jiwe lake, ana mpaka wake, na ana neno na kila anayepita. Tangi la siklidi ni nyumba ya kupanga yenye choo kimoja. Ugomvi hauwezi kuzuiwa. Kinachowezekana ni kuugawa ili usimwangukie mpangaji mmoja peke yake.

Balaa nyingi huanzia dukani, kwa sababu mnunuzi huchagua kwa macho. Humtaka mmoja wa njano, mmoja wa bluu, mmoja wa milia, kana kwamba anachagua vitenge. Wa milia mara nyingi huwa Melanochromis auratus, mdogo kama kidole, mwili wa njano wenye mistari myeusi, mpole kupita kiasi. Upole huo ni wa dukani tu. Pale samaki wamejazana mpaka hakuna anayeweza kudai pembe kuwa yake. Akifika nyumbani kwenye tangi lenye mawe na nafasi, dume humiliki nusu ya kwanza ya tangi, kisha ya pili. Akikomaa hugeuka rangi: mwili unakuwa mweusi na mistari ndiyo inayobaki myeupe au ya samawati. Wapo wafugaji waliohangaika kumtafuta yule wa njano, wakidhani kaliwa na huyu mweusi asiyejulikana alikotokea. Ni yuleyule. Walioliwa ni wengine.

Auratus ni mmoja wa mbuna, kundi la siklidi wa miambani wa Ziwa Nyasa, na mbuna wana kanuni zao. Kwanza, hawafugwi wawili wawili kama njiwa. Dume mmoja huwekewa majike watatu au zaidi, kwa kuwa jike akiwa peke yake atakimbizwa mchana na usiku mpaka afe. Pili, wanaofanana hawapatani. Dume wa bluu mwenye mistari humwona kila wa bluu mwenye mistari kuwa mshindani wake, hata kama ni wa aina nyingine na hana habari. Demasoni, anayetoka kwenye miamba ya Pombo upande wa Tanzania, ni mfano wa ajabu: ni mdogo, ila huwachukia wa aina yake kuliko adui yeyote. Wakiwekwa watatu, baada ya muda atabaki mmoja. Wakiwekwa dazeni au zaidi huishi, maana anayefukuza huchanganyikiwa asijue alikuwa anamfukuza nani. Ndiyo maana mbuna hujazwa tangini kwa makusudi, ilimradi tangi lisipungue lita 200 hivi, mashine ya kuchuja maji iwe na nguvu, na sehemu ya maji ibadilishwe kila wiki. Anayetaka njano bila kesi achukue Labidochromis caeruleus, mpole kwa kiwango cha mbuna, yaani hugombana kwa zamu.

Kufanana kuna hasara nyingine. Majike wengi wa siklidi huchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba katika Ziwa Viktoria, pale maji yalipochafuka na mwanga kupungua, furu, siklidi wadogo wa ziwa hilo, wa aina tofauti walianza kuzaliana kwa kutoonana vizuri. Tangini hakuhitajiki hata tope. Inatosha jike akose dume wa aina yake. Baada ya hapo huzaliwa vifaranga wa rangi ya kijivu ambao hakuna duka litakalowataka wala jirani atakayewapokea zaidi ya mara moja.

Kuchanganya samaki wa maziwa tofauti nako kuna mtego. Maji ya Nyasa na Tanganyika yote ni ya chumvichumvi za mawe, yenye pH inayopita 7.5, ya Tanganyika ikikaribia 9, na joto la nyuzi 25 hivi huwafaa wote. Kwa hiyo maji si hoja. Hoja ni tabia. Neolamprologus multifasciatus wa Tanganyika, ambaye dume wake hafiki sentimita tano, huishi ndani ya kombe tupu la konokono. Akiwekwa na mbuna huingia kombeni siku ya kwanza na hatoki tena, na mwenye tangi hubaki akiwaonyesha wageni makombe.

Kuhusu chakula, mbuna wengi hukwangua mwani kwenye mawe na wana utumbo mrefu wa kuusaga. Wakipewa nyama kila siku, kwa huruma ya mtu anayeamini kuwa mwani ni chakula cha maskini, huvimba matumbo na kufa. Anayefaa kupewa nyama ni Nimbochromis livingstonii, na huyo hujitafutia mwenyewe. Hulala ubavu mchangani, mabaka mwilini kama mzoga unaooza, hatikisiki. Mfugaji mgeni humwona asubuhi na kupiga simu dukani kulalamika kwamba kauziwa samaki mgonjwa. Samaki wadogo nao hukaribia kuudonoa mzoga, na hapo mzoga hufumbua kinywa. Simu ikikatwa, mgonjwa yuko wima, na hesabu ya tangi imepungua. Kanuni ni fupi: anayeingia kinywani mwa mwenzake asikae naye.

Wauzaji hupenda kuongezea Synodontis multipunctatus, jamii ya ngogo wa Tanganyika mwenye madoa, wakisema ni mfagiaji. Ni kweli hagombani na mtu. Ila siklidi wengi hutamia mayai mdomoni, na ngogo huyu huyachomeka ya kwake katikati ya harusi ya wenyewe. Jike wa siklidi huokota yote. Vifaranga vya ngogo huanguliwa mapema na kuwala watoto wa mwenye mdomo humohumo ndani. Mama hukaa wiki tatu bila kula, halafu huwatema watoto wenye sharubu. Wiki hizo tatu zina balaa lake pia: jike aliyejaza mashavu na kukataa chakula huonekana mgonjwa, naye hunyweshwa dawa na watu wenye nia njema.

Anayeongeza samaki baadaye ahamishe mawe kwanza, ili wenyeji wapoteze mipaka yao, kisha azime taa na kuwaingiza wageni kadhaa kwa pamoja. Mgeni mmoja, mchana kweupe, kwenye mawe yaleyale, hapewi nafasi hata ya kujitambulisha.

Aliyeshindikana kabisa arudishwe dukani au apewe mfugaji mwenye tangi lake. Asimwagwe mtoni wala bwawani kwa hoja kwamba ni samaki na kule kuna maji. Sangara naye aliingizwa Ziwa Viktoria na watu, katika miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za furu hazijaonekana tena tangu alipoongezeka.