Mahame Yalipiwayo Kodi

Katika falme zote ambazo adinasi amepata kuzitumikia kwa hiari yake na kuzigharimia kwa mfuko wake, siujui hata mmoja uliokataa kufa kwa ukaidi kama ufalme wa Britannia, ambao haumo katika ramani yoyote ya dunia, ila hupatikana ndani ya Ultima Online, mchezo wa kompyuta uliofunguliwa tarehe 24 Septemba 1997 na kampuni ya Origin ya Austin, Texas, na ambao hata leo una raia wake. Mmoja wa raia hao ni mimi, niketiye katika chumba cha juu cha nyumba yetu huku Uingereza, miguuni soksi mbili mbili kwa ajili ya baridi, ilhali ndani ya kioo ni bwana mkubwa mwenye deraya na farasi.

Wenzangu waliingia humo wakiwa vijana wa vyuo, na leo ni watu wa vidonge baada ya kula. Zamani, mbele ya benki ya mji mkuu, mtu hakuweza kusimama kitambo kidogo bila ya kuibiwa au kutukanwa, na ilikuwa raha isiyo kifani. Siku hizi wezi wenyewe wamezeeka, na wale waliokuwa wakiwaibia huwauliza hali za magoti. Mazungumzo yakiisha magoti, huhamia katika mustakabali. Hapo hainuki mzee ila kututabiria kwamba mwaka huu hauishi kabla hatujafungiwa mlango, naye huleta ithibati: ulimwengu wa Star Wars Galaxies ulizimwa tarehe 15 Desemba 2011, na Asheron's Call, aliyezaliwa nyuma yetu mwaka 1999, alikwenda zake tarehe 31 Januari 2017. Mwingine humjibu kwa City of Heroes, uliofungwa Novemba 2012, mashabiki wake wakaufufua kwa siri, na hatimaye, Januari 2024, wenye mali wakawapa ruhusa ya kuuendesha hadharani. Basi hushindana hivyo, huyu kwa jeneza na yule kwa ufufuo, mpaka mmoja wao aitwe na mkewe akatoe taka nje.

Binafsi sioni kwa nini tuwe na hofu kiasi hicho, maana ulimwengu huu haukupata kuwa na afya tangu utotoni mwake. Richard Garriott, aliyeuanzisha, alikuwa akitembea ndani yake kwa jina la Lord British, mfalme asiyeweza kufa. Na mwezi wa Agosti 1997, kabla mchezo haujafunguliwa rasmi, seva ilianguka, akarudi bila ya kukumbuka kuuwasha tena huo umilele wake, na mchezaji mmoja akamtupia moto wa uchawi, mfalme akafa mbele ya raia wake. Waundaji walikuwa wamepanga pia kwamba mbwa mwitu wale kondoo, na kondoo wakipungua mbwa mwitu nao wahame, yote kwa mizani kama alivyoiumba Mwenyezi Mungu. Wakafungua mlango, wachezaji wakamiminika, wakawachinja kondoo na mbwa mwitu kwa pamoja kabla mizani haijapata wakati wa kupima chochote. Jamii iliyoanza kwa kumuua sultani wake na kula mifugo yote haiwezi kuuawa na karani wa hesabu.

Linalotuweka hai, kwa rai yangu, si mapenzi ya mchezo bali ni nyumba. Humo kila alipaye ada ya mwezi ana haki ya kumiliki nyumba moja, na nyumba hiyo husimama maadamu ada inalipwa. Mwaka 2018 mlango ulifunguliwa kwa wasiolipa pia, lakini hao hawapewi haki ya kumiliki hata kibanda. Kwa hiyo ziko nyumba, tena kasri za mawe zenye minara, ambazo wenyewe hawakuzikanyaga tangu wajukuu zao hawajazaliwa, nao hulipa kila mwezi kwa kuwa hawana moyo wa kuziacha zianguke. Ukipita njiani waona taa, maua na mazulia, husikii mtu akikohoa. Ni mahame, lakini mahame yalipiwayo kodi.

Na ada ikikoma, nyumba huzeeka. Kibao cha mlangoni hueleza hali yake, kutoka upya hadi uchakavu, mpaka siku kinapotangaza kwamba i katika hatari ya kuanguka. Saa yenyewe haijulikani, ndiyo maana watu hukusanyika na kukesha, kwani ikianguka, vilivyomo vyote humwagika chini navyo ni vya mwenye mkono mwepesi.

Katika nakala yetu ya ulimwengu huo, iitwayo Europa, kulikuwa na nyumba ya mzee mmoja wa Kidachi, mkusanyaji hodari wa vitu vya kale, na kibao chake kiliposema maneno hayo tulijua kwamba marehemu hatunaye tena. Nilikesha pale pamoja na rafiki yangu wa Muscat, mzawa wa Unguja, tukisemezana kwa simu, nami nikimwambia kwa sauti ya kutosha kwamba nyumba itaanguka usiku huu huu, kwamba mwenyewe amekwisha fariki, na kwamba tutagawana vitu. Chumba cha pili amelala mama mkwe, aliyewasili juzi kutoka Mombasa. Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Amejitanda leso, begi mkononi, pasipoti kifuani.

"Baba Swaleh," akasema, "nyumba yaanguka, nawe umekaa kitako wangoja mirathi?"

Nilipokwisha kumweleza, naye akakwisha kuniombea dua ya akili, nyumba ilikuwa imeanguka kitambo, bwana wa Muscat amekwisha jenga yake juu ya kiwanja, nami nikaambulia kofia moja nyekundu yenye unyoya. Tukasimama pale, tukamtaja marehemu kwa wema, mzee mmoja akasema kwamba kwa kifo hiki ufalme wetu umeingia magharibi yake.

Wiki iliyofuata marehemu alirejea. Kadi yake ya benki ilikuwa imekwisha muda, na yeye alikuwa Uhispania, ufukweni, hana habari. Alimuuliza kila mmoja wetu habari za mali yake, na kwa namna ya ajabu hakuna aliyekuwapo usiku ule. Amejenga upya, karibu mno na kwangu, na kila jioni hupita kunisabahi. Kwa hiyo ile kofia naivaa ndani tu, mlango umekomewa.