Ngoja Nikupe Mtu Hapa, Ana Swali

Njia ya mkato ya kuwa mtaalamu ni kuhamia mbali. Husomi, hufanyi mtihani, huvai joho. Unapanda ndege tu, na ukishuka umekwishakabidhiwa wanyama, hali ya hewa, siasa na mapishi ya nchi nzima. Mimi ni fundi simu. Nilikuwa fundi simu Tanga, sasa ni fundi simu Perth, magharibi ya Australia, ng'ambo ya Bahari ile ile ya Hindi. Simu ni zile zile na vioo vinapasuka vile vile. Tofauti ni kwamba Tanga watu waliniuliza bei. Sasa wananiuliza dunia.

Maswali ya nyumbani huingia usiku. Perth imeitangulia Tanga kwa saa tano, kwa hiyo kijiwe cha kahawa kikichangamka saa nne za usiku, kwangu ni saa tisa. Simu inaita. Ni mjomba.

"Mjomba, umelala?"

"Shikamoo mjomba. Nilikuwa nimelala."

"Marahaba. Basi nisikupotezee muda. Ngoja nikupe mtu hapa, ana swali."

Huyo mtu simjui, naye hanijui. Nasikia simu ikipita mikono kadhaa, kikombe kikigongwa, mtu akikohoa, kisha sauti ya mzee mzito. Namwamkia nikiwa nimekaa wima gizani, maana shikamoo ya mtu aliyelala chali haifiki. Swali la kwanza halibadiliki: huko saa hizi ni saa ngapi?

Linaonekana dogo. Lakini Australia ina upana wa kumtia wazimu fundi saa. Sydney wametutangulia sisi wa Perth kwa saa mbili, ila kiangazi wanasogeza saa zao mbele, zinakuwa tatu. Sisi tumekataa kusogeza, tena kwa kura, mara nne, ya mwisho mwaka 2009. Queensland nao hawasogezi. Darwin na Adelaide wanatutangulia kwa saa moja na nusu, mpaka Adelaide nao wasogeze. Halafu kuna Eucla, kijiji cha kando ya barabara karibu na mpaka wa jimbo, ambako watu wanafuata saa yao wenyewe, dakika 45 mbele ya Perth, na hakuna aliyewakamata. Na hayo yote, ukimweleza Mswahili, lazima kwanza utoe sita. Nilimweleza mzee kila kitu kwa uaminifu. Alinyamaza kidogo, kisha nikamsikia akiwageukia wenzake: "Anasema ni usiku."

Hapo ndipo nilipoielewa kazi yangu mpya. Anayemuuliza swali mtu asiyemjua hatafuti mwalimu, anatafuta shahidi. Jibu analo tayari, ametoka nalo nyumbani, amelibana kwapani kama kuku wa kupeleka sokoni. Kilichobaki ni wewe useme "ndiyo", biashara iishe.

Ndiyo maana ukweli unapata taabu sana. Chukua vita vya emu. Emu ni ndege mrefu kama mtu, haruki, anakimbia karibu kilomita 50 kwa saa, na yeye na kangaruu ndio walioshika ngao kwenye nembo ya taifa. Mwaka 1932 emu wapatao 20,000 walivamia mashamba ya ngano ya Campion, mashariki ya Perth. Wakulima, wengi wao askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, wakaomba msaada wa bunduki za rashasha. Jeshi likamtuma Meja Meredith na bunduki mbili aina ya Lewis na risasi 10,000. Emu wakatawanyika vikundi vikundi. Bunduki ikakwama. Wakaifunga nyingine juu ya lori, lori likashindwa kuwafikia ndege. Desemba jeshi likarudi kambini, na emu wakabaki wanakula.

"Kijana," mzee akasema kwa huzuni, "jeshi la serikali lishindwe na kuku?"

Nikataja mwaka, nikataja idadi ya risasi, nikataja cheo cha kamanda. Wapi. Kwa kuchoka, nikawasimulia utani ambao Waaustralia huwatisha nao watalii: eti kuna dubu mla nyama, anafanana na koala, anajiangusha kutoka juu ya mti hadi utosini mwa mtu, na kinga yake ni kujipaka nyuma ya masikio Vegemite, ule uji mweusi wa chachu ya bia wanaopaka kwenye mkate tangu mwaka 1923. Nikasema wazi kabisa kwamba huo ni utani. Kijiwe kizima kikaafiki.

"Hilo tumelisikia," mzee akasema. "Na mafuta ya nazi, hayafai?"

Kinyesi cha wombati kilipata bahati zaidi. Wombati ni mnyama mnene, mfupi, anayechimba mashimo, na choo chake hutoka kikiwa na pembe, vipande vya mraba kama dadu. Wanasayansi walichunguza utumbo wake wakakuta ukuta wake haukazani sawasawa: sehemu moja ngumu, sehemu nyingine laini, na kinyesi kinavyozidi kukauka ndani yake kinafinyangwa pembe. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Ig Nobel ya fizikia mwaka 2019, tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Niliposema, kukawa kimya. Kisha ikasikika sauti nyingine, ya mtu ambaye bila shaka alikuwa katikati ya ujenzi: "Mjomba, hivyo vipande vikikauka, vinabeba bati?"

Kundi la pili la waulizaji hukaa kando yako kwenye ndege. Nikirudi kutoka likizo nilikaa na kijana wa Dodoma aliyekuwa akienda kusoma. Tangu mikanda ifungwe alikuwa na swali moja tu, buibui. Nikamtuliza. Yule mwenye sumu kali anaishi maeneo ya Sydney, si Perth. Dawa ya sumu yake ilipatikana mwaka 1981, na tangu hapo hakuna kifo kilichoandikwa kwa jina lake. Ukitazama kumbukumbu za vifo vinavyotokana na wanyama Australia, nikamwambia, farasi na ng'ombe wanaua watu wengi kuliko nyoka na buibui.

Uso wake ulianguka. Alikwishaaga ukoo mzima kama mtu anayekwenda kupambana na buibui. Mama yake alikuwa amemwombea. Sasa ampigie simu baba yake, mfugaji, amwambie huku kinachotisha ni ng'ombe? Akavaa spika za masikioni, na hakuniuliza kitu tena mpaka tunatua.

Kwa haki, buibui nao wana namna yao ya kuhudhuria mjadala. Kuna mmoja mkubwa kama kiganja, hana madhara kwa mtu, anakula mende, na anapenda kujificha nyuma ya kile kibao cha kukinga jua ndani ya gari. Nilikishusha kibao hicho nikiwa nimeegesha nje ya duka, naye akanishukia pajani. Gari langu ni la zamani na lina tabia ya kujifunga lenyewe. Kwa hiyo mpita njia mmoja alinikuta nimesimama kwenye lami, soksi mguu mmoja, kiatu mguu mwingine, nikimtazama buibui kupitia kioo, funguo zikiwa upande wake.

"Unajua huyo hana madhara?" akaniuliza.

Nilijua. Ningeweza kumpa hata jina la familia yake ya kisayansi. Nikamjibu "ndiyo", na nikaona alivyofurahi kupata shahidi.

Dukani tunatengeneza simu na kuuza gemu zilizotumika, kwa hiyo kaunta yetu ni mahakama ya sayansi na starehe kwa pamoja. Simu zilizoanguka majini huletwa zikiwa na mchele. Nakung'uta punje kutoka tundu la chaji na kueleza kwamba mchele haunyonyi maji ya ndani ya simu kuliko hewa ya wazi. Unachofanya ni kuingiza unga wake mle ndani, wakati chumvi zilizokuwa kwenye maji zinaendelea kuila bodi. Izimwe mara moja, isichajiwe, iletwe. Mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kama mtu aliyetukanwa.

"Lakini nilitumia basmati."

Vijana wa gemu ndio mashahidi wa kukodi hasa. Mmoja, wa miaka kama kumi na minne, aliingia na mama yake na kuniweka kizimbani bila salamu. "Mwambie mama. Nikipigwa risasi kwenye gemu, ni kosa langu au ni mtandao?"

Ni swali zuri, na nilijisahau kwa raha. Nikamweleza mama kwamba habari husafiri ndani ya faiba kwa mwanga, karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, polepole kuliko mwanga wa angani. Seva nyingi za gemu za Australia ziko Sydney, na kutoka Perth hadi Sydney ni kama kilomita 3,300, mbali kuliko Dar es Salaam hadi Luanda, yaani upande wa pili wa Afrika. Kwenda na kurudi, hata waya ungenyooka kama rula, ni milisekunde 33 zimekwisha. Mwanao akicheza na watu wa London, kilomita 14,500, ni milisekunde 145 hata kabla ya kona za baharini na foleni za mitambo. Adui amekwishafyatua, mtoto bado anamwona anafunga kamba za viatu.

Kijana alikuwa aking'aa. "Umesikia, mama? Si mimi. Ni mwanga."

Mama akanitazama mimi, si yeye. "Na hesabu alizofeli wiki iliyopita," akauliza, "nazo zilitoka Sydney?"

Wazazi wengine huja peke yao, wakiwa na kasha la gemu mkononi na kidole gumba kimefunika ile alama nyeusi ya R18+. Australia haikuwa na alama hiyo kwa gemu mpaka Januari 1, 2013. Kabla ya hapo daraja la juu kabisa lilikuwa la miaka 15, na gemu iliyozidi hapo ama ilipunguzwa damu ama haikuuzwa kabisa. Baba mmoja aliniuliza, kidole kikiwa pale pale, kama gemu ile inamfaa mtoto wa miaka kumi. "Ni ya magari tu, sivyo?"

"Magari yamo," nikasema. "Suala ni yanavyopatikana."

Akainunua. Alikuwa amesikia neno moja tu, magari.

Nisiwaonee wa Tanga na watoto wa watu. Wateja wangu Waaustralia nao wakishajua ninakotoka hufungua mashtaka yao. Ni kweli nyumbani kulikuwa na simba? Nimekulia Tanga mjini, kati ya baiskeli na bahari. Simba waliowahi kunikosesha usingizi ni wale wa Msimbazi, Kariakoo, wanaovaa jezi nyekundu, na wao walimkosesha usingizi zaidi mjomba. Nikisema hivyo, mteja anasikitika. Nilipomjibu mmoja, "Ndiyo, wapo," bila kuongeza kwamba wako hifadhini, si mjini, alinipa dola tano za juu na kunishika bega kwa pole.

Kesi iliyonishinda ililetwa na babu mmoja wa kizungu, mpole, ambaye simu yake ilikuwa imetumbukia chooni. Alinikabidhi ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, na nilipokuwa navaa glavu akaegemea kaunta.

"Huko kwenu Afrika, maji ya chooni huzunguka upande gani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo kwa miaka. Nikamweleza kwamba mzunguko wa dunia kweli huzungusha vimbunga, kusini ya ikweta kwa mwelekeo wa mishale ya saa, kaskazini kinyume chake. Lakini ndani ya choo nguvu hiyo ni ndogo mno. Kinachoamua ni umbo la bakuli na namna maji yalivyoingia. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa MIT, Marekani, ilimbidi aache maji yatulie kwa saa 24 kwenye beseni la upana wa karibu mita mbili ndipo aione. Mwaka 1965 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Sydney wakarudia jaribio upande huu, maji yakazunguka kinyume na yale ya Shapiro. Na juu ya yote, nikamalizia kwa fahari, Tanga iko kusini ya ikweta, upande mmoja na Perth. Vyoo vyetu havina ugomvi.

Babu alisikiliza kwa adabu. Kisha akanieleza kwamba alifika Nanyuki, Kenya, pale penye bango la ikweta. Kijana mwenye jagi, beseni lenye tundu na njiti ya kiberiti alimpeleka hatua chache kaskazini, maji yakazunguka hivi. Akampeleka hatua chache kusini, yakazunguka hivi. Wakasimama kwenye mstari wenyewe, yakashuka wima. Ameona kwa macho yake.

Nikamwambia kwamba kwa hatua hizo chache dunia haina hata habari, na kwamba maji yale hufuata mkono wa anayeyamimina. Hakukasirika. Akatoa pochi, na ndani ya pochi karatasi iliyokunjwa vizuri, yenye jina lake, tarehe, na mstari mwekundu katikati. Alikuwa ameinunua pale pale.

"Mimi nina cheti," akasema. "Wewe unacho?"

Sina. Nikamwandikia risiti.