Namna ya Kufika Mtaa wa Aggrey Bila Kupitia Nagoya

Mwongozo huu ni wa mtu anayenunua gari na kuambiwa na muuzaji, kwa sauti ya chini, kwamba hili lina navigesheni kwa hiyo bei itapanda kidogo. Usilipe. Kabla hujatoa hata shilingi moja, kaa kwenye kiti cha dereva, washa gari, nyamaza na usikilize.

Kama ni IST, Raum, Noah au Harrier iliyoshushwa bandarini kutoka Japani, huenda atakayekukaribisha ni sauti ya mama wa Kijapani. Ana adabu kuliko konda yeyote wa Mbagala. Anakukumbusha kwamba hujaingiza kadi ya kulipia barabara za kasi za kwao. Kesho atakukumbusha tena, na siku utakapoliuza gari atahamia kumkumbusha mwenzako. Kisha skrini inawaka, ramani inafunguka, na hapo ulipoegesha, jirani na Mnazi Mmoja, gari linakuonyesha mitaa ya Nagoya, au mshale unaelea kwenye rangi ya bluu isiyo na barabara hata moja.

Watu wengi hudhani kifaa kimekufa. Hakijafa. Setilaiti za GPS zinazunguka dunia nzima kwenye urefu wa kilomita 20,000 hivi, na kifaa kikizipata nne tu kinajua kilipo, iwe Nagoya au Kariakoo, bila malipo yoyote. Kinachokosekana ni ramani. Ramani ya gari la Japani imehifadhiwa kwenye diski au kadi iliyomo ndani ya redio, na inaishia kwenye fukwe za Japani. Gari linajua vizuri kabisa kwamba liko kusini ya Ikweta. Halina tu karatasi ya kuchorea habari hiyo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumuuliza muuzaji maswali mawili: ramani hii ni ya nchi gani, na ni ya mwaka gani? Akikujibu kwamba gari hili lilitengenezwa kwa soko la Afrika na Tanzania imo, mpongeze, kisha mwombe mwende mkajaribu. Elekeeni Daraja la Tanzanite, lile linalopita juu ya bahari kutoka upande wa hospitali ya Aga Khan kuelekea Oysterbay. Lilifunguliwa mwaka 2022. Ramani ikiwa ya zamani, utajiona kwenye skrini ukiendesha gari baharini. Ramani ya mwaka 2015 haijui Daraja la Nyerere la Kigamboni lililofunguliwa 2016, haijui barabara ya juu ya Mfugale pale TAZARA ya 2018, haijui makutano ya Kijazi pale Ubungo ya 2021. Jiji la Dar es Salaam limejengwa upya kichwani mwa kila dereva wa daladala, lakini ndani ya dashibodi yako bado ni lile lile. Na kusasisha ramani ya kiwandani mara nyingi ni gharama, kama kifurushi cha nchi yetu kipo.

Mizigo ya kifaa hicho haiishii hapo. Redio nyingi za Kijapani za zamani zinakamata FM kuanzia megahezi 76 mpaka 90. Maana yake stesheni ya EFM ya Dar es Salaam, iliyo 93.7, huipati ng'o. Halafu siku fundi atakapochomoa betri, baadhi ya redio hizo hujifunga na kudai namba ya siri au kadi ya ramani iliyobaki kwa mwenye gari wa kwanza. Unabaki na skrini nzuri inayokuomba kwa Kijapani kitu usicho nacho, na haikubali hata kupiga muziki. Mimi ningempa pole mwenye gari la namna hiyo na kumshauri asihangaike nalo. Ang'oe kifaa au akiache kama urembo, lakini asikihesabu kwenye bei.

Hatua ya pili ni kumkwepa fundi mwenye tamaa. Ukifika Kariakoo kulalamika, utaonyeshwa redio ya Android yenye skrini kubwa, inayong'aa kuliko televisheni ya saluni. Sizikatai. Kamera ya kurudi nyuma ni msaada mkubwa kwenye mitaa ambayo nyuma ya gari lako kuna guta, mama mwenye ndoo ya samaki na mtoto wa shule, wote kwa pamoja. Ila kwa kutafuta njia, fahamu unachonunua: nyingi hazina laini zake za simu, kwa hiyo utaziunganisha na intaneti ya simu yako, na simu ndiyo itakayofanya kazi huku skrini ikipewa sifa. Ukiamua kuifunga, simama hapo hapo mpaka fundi amalize. Ndani ya boksi kuna kijisanduku cheusi chenye waya mrefu na sumaku chini yake. Hiyo ndiyo antena ya GPS. Fundi mwenye haraka hukitupa nyuma ya dashibodi katikati ya vyuma, halafu ukishaondoka mshale unaanza kulewa. Mwambie akipandishe juu, chini ya kioo cha mbele, kielekee angani. Akikuambia haina tofauti, mwambie kwa upole kwamba utamlipa akishakiweka.

Vifaa vya kubebeka, akina Garmin na wenzao, nitavipitia haraka. Kama unaendesha watalii Ruaha au Katavi, chukua, ujazie ramani za Tracks4Africa, na Mungu akusimamie. Huko hakuna mnara wa simu kila kona, na kifaa kinachohifadhi kila kitu ndani yake kinastahili bei yake. Ukikileta Kariakoo, umekileta mahali ambapo simu ya kawaida itakishinda, na umebandika kwenye kioo kitu kingine cha kuwatamanisha vibaka.

Tumebaki na simu, na simu ndiyo jibu langu. Ila simu nayo ina masharti, na watu huyadharau mpaka yawakute.

Dereva wetu anakaa kulia. Holda ya simu iwekwe katikati, kwenye matundu ya kiyoyozi upande wa kushoto wa usukani, kamwe isiwe upande wa mlango. Foleni ya Mtaa wa Uhuru ikisimama na kioo chako kiko wazi, simu iliyobandikwa kulia inaweza kusafiri kwenda madukani Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kabla yako, na utaikuta kabatini inauzwa. Matundu ya kiyoyozi yana faida nyingine: simu iliyolala juu ya dashibodi kwenye jua la Dar es Salaam la saa saba mchana hupata joto, hufifisha kioo na hugoma kupokea chaji, tena palepale unapotakiwa kukata kona. Andika unakokwenda kabla ya kuondoa gari. Trafiki akikukuta unabonyeza huku unaendesha, utalipa faini ya papo kwa papo, na hiyo ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni mtoto anayevuka.

Pakua ramani ya jiji zima ukiwa nyumbani kwenye Wi-Fi. Bando likikata njiani bado utaona mitaa, ingawa foleni hutaziona. Na hapa nataka kusema jambo kwa moyo wote. Programu kama OsmAnd na Organic Maps zinatumia ramani huru ya OpenStreetMap, na kwa Dar es Salaam ramani hiyo ilijazwa kwa miguu. Kuanzia mwaka 2015, kwenye mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi wa mitaa kupita vichochoro, mifereji na nyumba, wakaziingiza kwenye ramani moja baada ya nyingine, hasa kata zinazokumbwa na mafuriko. Hakuna kampuni ya magari iliyowahi kututendea hivyo. Kila ukiona kichochoro kidogo cha Tandale kimechorwa sawasawa kwenye simu yako, kuna kijana aliyelowa jasho kwa ajili yake.

Sasa uingie Kariakoo kwenyewe, na hapa uwe mnyenyekevu. Kwenye ramani Kariakoo ni rahisi mno: Msimbazi upande mmoja, Lumumba upande wa pili, katikati mitaa imenyooka na kukatana kwa pembe mraba: Swahili, Nyamwezi, Sikukuu, Kongo, Mkunguni, Tandamti. Mtu aliyepanga mitaa hiyo alifikiria nyumba za chini. Leo kuna maghorofa kila upande, na ishara ya setilaiti hugonga ukuta huu ikarukia ule kabla ya kufika kwenye simu. Uko Mtaa wa Swahili, simu inaapa uko Nyamwezi. Inakuambia ukate kulia, na kulia kuna mlango wa duka la mapazia.

Kosa lingine la simu ni kwamba inaamini barabara ni barabara. Mtaa wa Kongo kwenye ramani ni njia ya gari. Nenda ukautazame saa tano asubuhi: turubai chini, mashati juu yake, spika zinatangaza bei, kuli ana robota begani anapiga kelele "mzigo, mzigo". Ukiingiza gari pale kwa sababu simu imesema, hutatoka mbele wala nyuma, na utapata ushauri wa bure kutoka kwa watu mia. Msimbazi nako usiione njia ya katikati ikiwa nyeupe ukadhani umepata bahati. Ni ya mabasi ya mwendokasi tangu mwaka 2016. Haikuhusu, na basi linalokuja nyuma yako halina nafasi ya kukupisha.

Kwa hiyo simu ikufikishe ukingoni, kisha uanze kutumia watu. Madereva wa Bolt na Uber walishalielewa hili zamani. Abiria amesimama, pini ipo kwenye ramani, na bado simu inaita:

"Bosi, umesimama wapi?"

"Si unaniona kwenye ramani?"

"Ramani inasema uko ndani ya ghorofa. Niambie unaona nini."

Swali hilo la mwisho ndilo navigesheni ya Kariakoo. Jibu lake ni Big Bon, DDC, Kituo cha Polisi Msimbazi, klabu ya Simba, Msikiti wa Mtoro, Shimoni. Soko kuu lenye Shimoni hiyo, alilolichora msanifu majengo Beda Amuli na lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021, lakini hata moto wenyewe haukuwafanya watu waache kuelekezana kwa Shimoni. Jifunze alama hizo kabla ya kununua kifaa chochote. Hazihitaji chaji.

Kuuliza nako kuna utaratibu wake. Usishushe kioo na kufyatua jina la mtaa. Salimia. "Shikamoo mzee, samahani, naulizia Aggrey na Likoma." Muulize muuza kahawa, mama lishe, mlinzi wa jengo au bodaboda aliyeegesha. Winga, yule dalali wa mtaani, naye anaijua Kariakoo kuliko setilaiti zote, lakini yeye ana duka lake la kukupeleka, na cha juu chake kitakuwa kwenye bei yako. Utaambiwa: "Nyoosha na hii hii, ukifika pale kwenye kona uliza tena." Mfuate. Maelekezo ya vipande vidogo vidogo ndiyo yanayofaa mahali ambapo njia hubadilika kati ya asubuhi na alasiri.

Msimu wa masika ongeza tahadhari moja. Mto Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na programu yako inaweza kuchelewa kupata habari. Piga simu kwa mtu aliye mjini, au fungua redio. Ndiyo maana ile habari ya megahezi 93.7 niliitaja: redio inayokamata stesheni za nyumbani itakuokoa siku ya mvua kuliko ramani ya Nagoya.

Na ukishafika, acha gari upande wa Lumumba au Mnazi Mmoja kwenye maegesho halali, weka pini ya ulipoliacha, kisha piga picha ya duka lililo mbele yake, kwa sababu pini yenyewe inaweza kuamua gari lako liko ghorofa ya tatu. Tembea. Kama mzigo wako unabebeka mkononi, usilete gari kabisa; mwendokasi inakushusha Msimbazi au Gerezani.

Kwa wenye maduka wa Kariakoo nina ombi. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, nchi nzima iliwekewa anwani za makazi, nguzo za majina ya mitaa zikasimamishwa na namba zikabandikwa milangoni. Namba yako ipo. Iandike kwenye risiti, kwenye kadi ya biashara na kwenye ukurasa wako wa Instagram, pamoja na alama iliyo karibu. Kisha simama mlangoni kwako, fungua ramani kwenye simu, na uone pini ya duka lako iko wapi. Ikiwa iko kwa jirani au katikati ya mtaa, isogeze. Kurekebisha ni bure, kwenye Google Maps na kwenye OpenStreetMap pia.