Mchoraji Karibu, Ila Si Wewe

Huko Shela, Lamu, Mjerumani Herbert Menzer alianzisha tamasha la wachoraji mwaka 2011. Wageni kutoka Ulaya huja, wakachora punda, majahazi na milango ya nakshi, na hakuna anayewauliza wanaishi kwa kazi gani. Heri yao.

Sisi Jomvu Kuu nasi tu wakongwe: Wajomvu wamo katika Tisa Taifa za Waswahili wa Mombasa. Tuna mkono wa bahari wa Tudor, mikoko, na wavuvi wanaorudi magharibi kana kwamba wamelipwa wapendeze. Kasoro yetu ni kuwa karibu mno na barabara ya Nairobi. Malori hayapendezi kwenye turubai.

Mgeni akiketi chini ya mwembe na brashi, ataletewa dafu. Kijana wetu akiketi papo hapo na penseli, shangazi yake atasimama: “Mwanangu, kazi ya bandarini ushaacha kuitafuta?” Basi kipaji huhamia kwenye ubavu wa matatu, ambako mwenye gari hulipa, akikumbuka.

Na kijana huyo akitamani kukaa kwa muda katika kijiji cha milimani Italia, kutafuta mwanga na utulivu? Ubalozi utataka taarifa ya benki, bima ya safari na ushahidi kwamba atarudi. Mwenzake wa Ulaya akija Kenya, tangu Januari 2024, hujaza fomu kwenye intaneti, hulipa dola 30 na ushei, na akishatua kijijini, anayemwuliza ataondoka lini ni mwenye nyumba tu, naye huuliza akiomba asiondoke.