Kimevunjika, Hakijavunjwa

Binti yangu yuko gredi ya sita. Juzi jioni alirudi na kazi ya Kiingereza: aandike maneno kumi yenye maana ya kuharibu. Akaniletea mimi, kwani mama yake alikuwa akikaanga mahamri, na mtu akiwa kwenye karai la mafuta hasumbuliwi. Nikaanza kwa mbwembwe: destroy, ruin, wreck, demolish, spoil. La sita likagoma kuja. Nikamwambia matano yanatosha kuangusha ghorofa nzima. Akasema mwalimu anataka kumi.

Nikaudhika. Kumi ya nini, kama yote yanafanya kazi moja? Sisi huku Shika Adabu, Likoni, kila uharibifu una neno lake. Pesa hufujwa, mkutano huvurugwa, kisima hutibuliwa, ukuta hubomolewa, wali huunguzwa, mbaazi za jana huchacha zenyewe. Ukisema umefuja shati, watu watauliza ulilinunua kwa bei gani. Ukisema umelirarua, watauliza uligombana na nani.

Tena sisi wa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, tuna kuvunda, pale wenzetu wanaposema kuvunja. Niliwahi kumwambia jirani mmoja wa bara kwamba nimevunda kiti chake. Akainama akakinusa. Kumbe kwa Kiswahili cha vitabuni kuvunda ni kuoza na kunuka. Mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alihangaika na maneno yetu miaka mingi, na kamusi yake ikachapishwa London mwaka 1882, na Kimvita kimejaa humo. Maneno aliyapata. Waharibifu wenyewe sidhani kama aliwaona hata mmoja.

Kwani hapo ndipo penye kero yangu. Maneno ya kuharibu tunayo, aliyeharibu ndiye hapatikani. Na anayemficha ni kale kamkia kadogo, -ika au -uka. Nyumbani kwangu kikombe hakivunjwi, kinavunjika. Ukisema "kimevunjwa", kila mtu anauliza na nani. Ukisema "kimevunjika", maneno yamekwisha, leta ufagio. Wanangu walilijua hilo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Nilimpelekea fundi feni yangu. Ilikuwa na kosa moja tu: ikizunguka, inalia kama bata. Nikarudi baada ya siku tatu.

"Mzee, waya umekatika."

"Na hiki kifuniko?"

"Kimepasuka."

"Na skrubu zake?"

"Zimepotea."

"Kwani siku zote tatu feni ilikuwa na nani?"

"Ilikuwa hapa hapa, mzee."

Akanidai mia tano. Nikamwambia mia tano nayo imepotea. Hiyo hakuielewa kabisa.

Nikapanda tuktuk kwenda zangu nyumbani, feni mapajani, kimya kama maiti. Wakati wa kushuka, msumari wa kiti ukanishika nyuma. Dereva akageuka, akatazama kwa huruma: "Pole mzee, suruali imeraruka." Yaani imeamka asubuhi, imefikiri, ikaamua.

Na mayai je? Kuvuka kwa feri ya Likoni kwa miguu ni bure, wala silalamikii nauli. Nilitoka soko la Marikiti na trei ya mayai thelathini, nikaingia katika ule umati wa jioni, kila mtu anawahi kushuka kana kwamba Likoni itahama. Nilipofika ng'ambo nilikuwa na mayai kumi na tisa na kiwiko kinachonata. Mama mmoja akanitazama akasikitika kweli kweli: "Baba, mayai yamevunjika." Mabega mia yalinipitia pale, na hakuna hata moja lililovunja yai.

Basi, hayo yote nilimweleza binti yangu juzi hiyo, kwa sauti na kwa mikono, badala ya kumtafutia neno la sita. Nilipofika kwenye feni inavyozunguka, nilizungusha mkono, na kikombe cha kahawa kikalala juu ya daftari.

Tukakitazama wote wawili. Destroy ilikuwa inaogelea. Ruin haionekani tena.

"Imemwagika," nikasema.

"Na nani, baba?"

Huyo ndiye mtoto niliyemsomesha kwa jasho langu. Nilikuwa bado natafuta jibu lenye heshima kidogo, mara harufu ikatufikia kutoka jikoni, na sauti ya mama yake nyuma yake: "Mahamri yameungua!"

Binti akafungua mdomo. Nikamziba kwa kiganja.

"Hapo, mwanangu, usiulize."