Gunia la Makala na 37,4

Mwezi wa saba, Lubumbashi hairuhusu mtu kujifanya shujaa. Mji umekaa mita 1.200 hivi juu ya bahari, upepo wa kiangazi unapenya chini ya mlango kama mdai, na alfajiri hata mbwa wanagombania majivu ya mbabula. Jioni moja ya namna hiyo bibi yangu alinikumbusha kwamba gunia la makala lilikuwa bado nje, palepale mwenye baiskeli alipolitua. Nikajishika paji la uso. Lilikuwa na moto. Kwamba nilikuwa nimeinamia mbabula saa nzima, sikuona sababu ya kulitaja.

Nikatoa kipimajoto changu kipya, nikakibana kwapani: 37,4. Shuleni tuliambiwa mtu mzima ana 37, basi. Ile nne ya ziada, kwa hesabu yangu, ilikuwa palu changa. Nikatangaza ugonjwa, nikajifunika mablanketi mawili, nikaletewa chai ya tangawizi. Nilipomaliza kikombe nikapima tena, safari hii chini ya ulimi, kama wanavyofanya watu wa sinema. 38,6! Hapo hata mimi mwenyewe niliogopa.

Saa kumi na moja alfajiri: 36,2. Sikufurahi. Niliona naondoka duniani kwa mlango wa pili, ule wa baridi.

Kwenye kituo cha afya cha mtaani muuguzi alinichoma kidole, tukangoja. Kipimo kikatoa mstari mmoja tu.

“Papa, palu hakuna. Mbele ya kupima ulikunywa nini?”

“Chai.”

“Ya moto?”

Nikatazama ukuta.

Akanieleza kwa upole unaouma kuliko sindano. Joto la mwili halikai pamoja: alfajiri linashuka, jioni linapanda, na nusu digrii kati ya saa hizo si ugonjwa. Kwapa husoma chini kuliko mdomo, na mdomo uliotoka kwenye chai husoma chai. Hiyo 37 yenyewe aliieneza daktari Mjerumani, Carl Wunderlich, katika kitabu cha 1868, baada ya kupima makwapa ya maelfu ya wagonjwa. Ni miaka 42 kabla mji wetu haujazaliwa kwa jina la Élisabethville, na mimi nilikuwa naishika kama amri ya Musa. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walipima watu wazima wenye afya mdomoni, wastani ukawa 36,8, na jioni wengine walifika 37,7 bila kuumwa chochote.

“Sisi homa tunaihesabu kuanzia 38,” akasema. “Ikifika hapo usinunue dawa kwa kukisia, kuja tupime damu. Lakini kuja bila chai.”

Nilirudi nyumbani na elimu hiyo yote, nikaimwaga mezani mbele ya bibi na watoto, pamoja na Wunderlich na makwapa yake. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilipaswa kunishtua mapema. Giza lilipoingia akaleta kipimajoto mwenyewe, akanibana nacho kwapani, akakisoma karibu na taa.

“37,4,” akasema. “Ni jioni, na chai hukunywa. Basi uko muzima.”

Akanifungulia mlango. Gunia lilikuwa limeshaanza kuota umande.