Gari Laenda Mbele, Taa Zasema Larudi

Dereva wa Nairobi hamiliki kioo cha pembeni, ameazimwa tu. Siku mwenyewe akikihitaji atakuja kukichukua mchana kweupe, gari likiwa limekwama kwenye foleni, na kabla jua halijatua kioo kitakuwa kinasubiri mnunuzi Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Ndiyo maana magari mengi jijini yamechorwa nambari ya usajili kila mahali, kwenye vioo, kwenye taa, kwenye madirisha yote, kama masanduku ya wanafunzi wa bweni. Wapo waliowahi kununua tena kioo chao wenyewe, nambari ikiwa bado inasomeka, na muuzaji akawapongeza: si rahisi kupata kinachofanana hivi.

Mwalimu mmoja wa fizikia, mkazi wa Uthiru, aliibiwa cha kushoto karibu na mzunguko wa Globe. Akanunua kingine. Kabla kipya hakijashika vumbi, cha kulia nacho kikaenda. Hapo akakata shauri: hatanunua kioo tena. Atatazama nyuma kwa njia ambayo mpita njia hawezi kuing'oa.

Njia yenyewe alikuwa nayo tayari. Gari lake dogo lilishuka Mombasa kutoka Japani kabla ya kutimiza miaka 8, kama kanuni za Kenya zinavyotaka, na lilikuja na mila zake zote. Kila asubuhi likiwashwa, sauti nyororo ya kike inamwarifu kwa Kijapani kwamba hajaingiza kadi ya kulipia barabara, habari isiyomfaa mtu anayelipa pesa taslimu pale Westlands akitaka kupanda Expressway. Ramani iliyo ndani ya redio inajua kila kichochoro cha Japani na haijawahi kusikia kuhusu Kangemi. Redio yenyewe ilizaliwa ya masafa ya huko kwao, megahezi 76 hadi 90, hivyo Radio Citizen iliyo kwenye 106.7 haikuwepo duniani mpaka fundi alipoweka ekspanda.

Na nyuma, juu ya nambari, kulikuwa na kamera. Ukitia gia ya R, skrini inaamka na kukuonyesha bampa, ukuta na paka wa jirani, pamoja na mistari ya kijani, manjano na nyekundu. Ukitoa R, inalala. Mwalimu aliona huu ni uvivu. Jicho zima linalala kutwa nzima, liamshwe dakika moja ya kuegesha?

Wazo hilo si la kichaa. Mwaka 1956 kampuni ya Buick ilionyesha Marekani gari la maonyesho lililoitwa Centurion ambalo halikuwa na kioo cha kutazamia nyuma kabisa. Lilikuwa na kamera ya televisheni mkiani na skrini kwenye dashibodi, ili dereva aone nyuma akiwa anaenda mbele. Halikuuzwa. Ilipofika 1991 Toyota ikatia kamera ya kurudi nyuma kwenye Soarer iliyouzwa Japani, na mwaka 2016 Japani ikaruhusu magari yatumie kamera badala ya vioo. Miaka 2 baadaye Lexus ES ikaingia barabarani ikiwa na vijikamera pale ambapo vioo vya pembeni hukaa. Kwa hiyo mwalimu wa Uthiru alikuwa anafuata nyayo za wakubwa. Tofauti ni kwamba wakubwa hao hawakuipeleka kazi yao kwa fundi wa kando ya Luthuli Avenue Jumamosi saa nane mchana.

"Fundi, nataka hii kamera ionyeshe hata nikienda mbele."

"Hii ni ya rivasi, Mwalimu."

"Najua. Nataka nione nyuma nikienda mbele."

Fundi alimkagua kidogo, kwanza yeye, halafu gari. "Hiyo ni kazi ndogo," akasema. Mkazi yeyote wa jiji anajua kwamba maneno hayo ni utangulizi wa bei.

Ili kuelewa yaliyofuata, lazima mtu alale chali ndani ya buti pamoja na fundi. Kamera ya kawaida ina nyaya chache mno. Mweusi unafungwa kwenye bodi ya gari. Mwekundu unaungwa kwenye waya wa taa nyeupe ya kurudi nyuma, kwa sababu taa hiyo hupata umeme wa volti 12 pale tu gia inapoingia R. Taa ikiwaka, na kamera inawaka. Kisha kuna waya wa picha, ule wenye kichwa cha manjano, unaopita chini ya zulia hadi kwenye redio. Pembeni yake umebandikwa waya mwingine mwekundu, mwembamba kama tambi, ambao kazi yake ni kupeleka mbele habari moja tu: taa ya nyuma imewaka, onyesha picha.

Njia ya haki ni kukata muungano huo wa taa na kuipa kamera umeme wake, kupitia swichi, kutoka kwenye waya unaopata moto ufunguo ukizungushwa. Hiyo ni kung'oa plastiki za milango, kuinua zulia, kuvuta waya mpya gari zima. Fundi alikuwa na wateja wengine wawili wanasubiri. Akauangalia ule waya mwembamba uliokwisha kufika mbele, akafikiria, na akaamua kwamba barabara ya kwenda ndiyo ya kurudi. Akaupa umeme wa redio kupitia kiswichi, akazungusha tepu, akabonyeza. Picha hii hapa! Skrini ikamwonyesha mwalimu mama muuza ndizi akivuka nyuma ya gari lake. Akalipa, akaongeza na ya soda.

Ila umeme haujui kwamba umetumwa kwa kamera peke yake. Ulifika nyuma, ukakuta muungano wa taa uko palepale, ukaendelea na safari.

Mwalimu aliondoka mjini giza likianza kushuka, akapanda Museum Hill, akaingia Waiyaki Way na taa mbili nyeupe zikiwaka nyuma yake kwa fahari. Kwenye skrini mambo yalikuwa mazuri kupita kiasi. Kwanza, picha ya usiku ilikuwa angavu ajabu. Akaisifu kamera, kumbe inamulikiwa na taa za rivasi. Pili, hakuna aliyekuwa karibu naye. Katika jiji ambalo gari la nyuma hukupumulia kisogoni, nyuma yake palikuwa na uwanja mtupu. Akajieleza kitaalamu kwamba lenzi za namna hii ni pana sana na husukuma vitu mbali, jambo ambalo ni kweli. Lakini usiku huo haikuwa lenzi. Walikuwa ni madereva wa Nairobi, kwa mara ya kwanza katika historia ya barabara ile, wakimwachia mtu nafasi.

Honi alizisikia. Honi Nairobi ni kama hewa, hakuna anayeuliza inatoka wapi. Alishtuka tu pale ABC Place, matatu ilipomfikia ubavuni na makanga akaning'inia mlangoni akamwinamia dirishani.

"Mzee, chagua moja! Unaenda ama unarudi?"

Alidhani ni matusi ya kawaida, akasonga. Kabla hajafika daraja la Kangemi akasikia harufu ya plastiki inayoungua, kisha redio, skrini na kamera vikazimika kwa mpigo. Hesabu yake angeweza kuifanya bila kalamu: balbu mbili za wati 21 kila moja, kwenye volti 12, zinavuta ampia 3 na nusu kupitia waya uliotengenezwa kubeba salamu. Fyuzi ilijitoa mhanga, na ilifanya jambo la maana kuliko mtu yeyote aliyehusika siku hiyo.

Dawa yake ni daiodi, kitu kidogo kuliko punje ya maharagwe, kinachouzwa Luthuli hiyohiyo kwa bei isiyofikia nauli ya matatu nambari 46 kwenda Kawangware. Daiodi hupitisha umeme upande mmoja na kuukatalia upande mwingine. Ya aina ya 1N4007, inayobeba ampia 1, inatosha, maana kamera yenyewe hunywa umeme kidogo sana. Moja inawekwa nyuma, kati ya taa na kamera, mstari wake wa fedha ukielekea kamera; nyingine inakaa mbele baada ya swichi, ili gia ya R nayo isije ikairudishia redio umeme. Mada hii iko kwenye silabasi ya fizikia ya Kidato cha Nne, mwisho kabisa, chini ya elektroniki, pale ambapo shule nyingi hufika mtihani ukiwa mlangoni. Mwalimu ameifundisha miaka mingi. Wanafunzi wake wamewahi kuipata kwenye karatasi ya KCSE na kuijibu.

Siku hizi daiodi ziko mahali pake na kamera inafanya kazi aliyotaka, ikiwa na vituko vyake. Picha imegeuzwa kama ya kwenye kioo, kwa hiyo majina yaliyopigwa rangi juu ya vioo vya matatu yanasomeka kinyume, na akipita mtu wa kuchomoa kitu, mwalimu atabaki na picha yake bila kuweza kusoma nambari ya pikipiki iliyombeba. Mstari mwekundu, uliowekwa kuonya kwamba kitu kiko karibu mno, hauna habari mpya kwa mtu aliye kwenye foleni ya saa kumi na moja. Akibonyeza swichi redio inajishusha sauti ili asikie atakachogonga, na mara mbili sasa imemnyima bao. Mvua za Machi hadi Mei humlazimu kushuka na kitambaa.

Lakini kuna faida moja ambayo wakazi wa magharibi mwa jiji wataielewa bila kuelezwa. Anayeishi Uthiru, Kangemi au Kinoo huenda kazini asubuhi akielekea mashariki, jua likiwa machoni. Jioni anarudi akielekea magharibi, na jua limehamia huko kumsubiri. Kwa mtu wa aina hiyo kamera ya nyuma ndiyo pekee ndani ya gari inayoona vizuri.

Wamarekani hawaitaki picha ya nyuma gari likienda mbele. Tangu Mei 2018 kila gari dogo jipya huko lazima liwe na kamera ya nyuma, chini ya sheria yenye jina la mtoto wa miaka 2 aliyekanyagwa na gari la babake likirudi nyuma mwaka 2002. Kanuni hiyohiyo inasema picha isibaki baada ya kurudi nyuma kwisha, na mtengenezaji achague kipimo: sekunde 10 za kwenda mbele, au mita 10, au mwendo wa kilomita 16 kwa saa. Hofu yao ni kwamba dereva atatazama skrini asitazame njia, na ni hofu ya haki. Ila kwa kipimo cha kilomita 16, mtu wa Waiyaki Way jioni angebaki na picha yake kutoka Westlands hadi Kangemi bila kuvunja sheria ya mtu.

Wewe msomaji, ukiona mbele yako gari lenye taa nyeupe nyuma na bado linasonga mbele, usimtukane mwenyewe; yamkini ametoka kwa fundi. Lakini mwachie nafasi ya gari zima vilevile. Wale wanaopitiliza njia yao ya kutokea na kuamua kurudi kinyumenyume katikati ya barabara kuu wapo pia, na taa zao ni hizohizo.